Nilifuata nyumba Ludewa, nikaonyeshwa rundo la matofali

Nilikuwa nimesikia kwamba wananchi wa kijiji kimoja cha Ludewa, mkoani Njombe, wanajitolea kujenga vyumba vya kupangisha kwa bei nafuu, ili walimu na manesi wasiishi mbali na kazi. Nikaenda kuona. Dar hadi Njombe sina la kusimulia. Njombe yenyewe nitaikumbuka kwa baridi: gesti ya elfu ishirini, blanketi moja, na maji ya moto yanauzwa kando, ndoo buku. Nililala na koti.

Asubuhi kosta ya Ludewa. Kuanzia Lusitu barabara ni zege tupu, kona juu ya kona, na kila kijiji kina boma lake, jengo lililoishia njiani. Nilihesabu kumi na moja nikachoka: zahanati, madarasa, nyumba za walimu, kuta zimefika lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha, na ndani magugu yamezidi kimo cha mtu. Niliposhuka, bodaboda wa kunipandisha kijijini akataka elfu kumi na tano. Nikalalamika. Akacheka: "Kaka, kushuka utashuka bure."

Kijijini, mtendaji akanipeleka kiwanjani. Ukuta hakuna. Kuna msingi wa mawe, juu yake nailoni nzito ya kuzuia unyevu usipande, na pembeni rundo la matofali limefunikwa nyasi.

"Na nyumba?"

"Ndiyo hii."

Siku mbili za safari, na koti langu bado linanuka moshi wa kosta! Lakini maelezo yake yalinifanya niyaangalie upya yale maboma ya njiani. Hapa matofali yanajengewa udongo. Saruji ni ya msingi, lenta na sakafu tu, maana kila mfuko unapandishwa kwa gharama. Ukuta wa udongo ukilala misimu miwili bila paa, mvua inachimba viungo kuanzia juu, na lenta inabaki imekalia matofali yanayocheza. Ndiyo maana mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha kwamba hakuna tofali linalopanda kabla mabati hayajatimia stoo. Yanahitajika 70 ya geji 28, ya futi kumi. Yapo 46. Geji 30, bati jembamba zaidi, ingewapunguzia bei, ila upepo wa mlimani wameshauona unavyoikunja.

Kiwanja hakikununuliwa. Ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ikapitishwa mkutanoni na kuandikwa kwenye muhtasari. Mtendaji aliurudia huo muhtasari mara tatu, nadhani kuna aliyekwisha kudai kuwa shamba lilikuwa la babu yake.

Aliyenishika muda mrefu ni mama wa kupokea matofali. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho kwenye daftari. Kaya ziko 400, kila kaya inaleta matofali 25 yaliyokauka ila hayajachomwa, jumla 10,000. Nyumba ya vyumba vinane inakula kama 7,500; yanayobaki ni ya kuvunjika, na ya ngozi ya nje ya tanuru ambayo haiivi hata uchochee vipi.

Mkononi ana kibao kimoja cha kupimia: inchi tisa kwa tano kwa nne. Kila tofali linapitishwa humo. Lisiloingia, au linaloingia likacheza, linarudi kwa mwenyewe. Niliona ni ukali wa bure mpaka fundi akanifafanulia. Awamu ya kwanza, kwenye nyumba iliyotangulia, kila kaya ilifyatua kwa kibao chake cha kufyatulia, vingine vimelika ncha. Kwenye mstari mmoja tofali hili limezidi nusu inchi, lile limepungua, na fundi anaziba tofauti kwa udongo. Udongo mnene unasinyaa, ukuta unapasuka kwenye viungo. Safari hii seremala mmoja alichonga vibao kumi vinavyofanana, kingo zimevishwa bati zisilike, na kila kimoja kikubwa kidogo kuliko kipimo cha mama, kwa sababu udongo ukikauka hupungua.

Kuchoma kunafanyika pamoja. Tanuru lina midomo minne, siku ya kwanza moto ni wa kubembeleza, moshi ukiwa mweupe maji bado yanatoka. Mwenye haraka akisukuma magogo makubwa siku hiyo, matofali yanapasuka tumboni. Moshi ukipungua ndipo wanachochea siku mbili usiku na mchana, wanaziba midomo kwa udongo na kuliacha wiki nzima lipoe. Likifunguliwa, mama anarudi tena. Anagonga mawili: yakilia kama kengele ni mazima. Yakitoa sauti ya kibuyu, yanalazwa kwenye debe la maji, na asubuhi lililomong'onyoka pembe linatupwa.

Lenta nayo wana hesabu yake: nondo nne za milimita 12, ringi za kuzifunga kila sentimita 20, zege la saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne, mifuko 14 ya saruji. Waya unaachwa umechomoza wa kufungia kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Awamu ya kwanza kenchi zilipigiliwa misumari tu, na upepo ukanyanyua upande mmoja wa paa.

Hiyo nyumba ya kwanza ina watu: chumba na sebule nne, kila moja elfu kumi na tano kwa mwezi. Mwanzo zilitolewa bure, zikavuja na hakuna aliyejiona mwenyewe. Sasa laki saba na ishirini zinaingia akaunti ya kijiji kwa mwaka, nusu ni ya vitasa, choo na rangi. Mpangaji analipa mwezi kwa mwezi, na mwalimu mgeni ambaye mshahara haujatoka anasubiriwa. Nikaikumbuka Kimara ya Dar: kodi ya miezi sita mkononi, na mwezi mmoja wa dalali ambaye alichofanya ni kukuonyesha mlango.

Niliuliza kwa nini mkulima afyatue tofali kwa ajili ya mtu mwenye mshahara. Mama ndiye aliyejibu: "Nesi akilala Ludewa mjini, mtoto anayezaliwa usiku hatamsubiri bodaboda."

Nilipoaga, mwenyekiti wa kijiji alikuwa amefika na toroli lake. Mama alipima yote 25, akaweka sita pembeni. Mwenyekiti akasema hayo madogo ni kwa sababu ya jua. Mama akamwambia jua ni la kijiji kizima. Mwenyekiti akayapakia tena sita yake, akalisukuma toroli kurudi nyumbani.