Jinsi nilivyotatua kengele ya tangi iliyokuwa ikizima programu yake

Msimamizi wa jengo letu hapa Umoja, Nairobi, aliniletea kengele ya tangi la maji ambayo, kila baza ilipoanza kulia, programu ilijiwasha upya na taa nyekundu ya LED ikazimika. Ndani nilikuta vifaa vyote viwili vimeunganishwa moja kwa moja na pini za ATmega328P, chipu inayoendesha programu, bila resista (kipunguza mkondo) hata moja.

Pini ya chipu hiyo inafaa kutoa miliampia 20 hivi, na kikomo chake kabisa ni 40, ilhali baza ile ya sumaku, nilipoipima kwa mita, ilivuta 60 kwa volti 5. Isitoshe, koili yake inapokatiwa umeme hurudisha msukumo wa volti unaoweza kuua pini, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Barabara ya Luthuli nilipata transista ya 2N2222 (swichi inayowashwa kwa mkondo mdogo), dayodi ya 1N4148 (inayopitisha umeme upande mmoja tu) na resista. Sasa pini inapeleka mkondo mdogo tu kwenye besi, mguu wa transista unaoiwasha, kupitia resista ya ohm 1,000. Emita, mguu wake wa pili, imeunganishwa na hasi, na baza imekaa kati ya volti 5 na kolekta, mguu wa tatu. Dayodi iko sambamba na baza ili kumeza ule msukumo wa koili, upande wenye mstari ukielekea chanya, kwa sababu ikigeuzwa itapitisha umeme wote na kuunguza transista. LED, inayotumia volti 2 hivi, nimeipa resista ya ohm 330, hivyo inapata takriban miliampia 9, zinazotosha kuonekana hata mchana.

Baza ililia mfululizo, na programu haikukatika tena.