Katonga Wakati wa Mbalamwezi

Leo ni siku ya tatu ya mbalamwezi, na mwalo wa Katonga, mahali pa kutua mitumbwi ya wavuvi katika Ghuba ya Kigoma, umetulia. Nilifika asubuhi nikiwa nimeyazoea makelele ya akina mama wenye ndoo wanaoanza kupatana bei kabla mtumbwi haujagusa mchanga, lakini nilikuta mitumbwi imevutwa juu na wanaume wachache wameketi kivulini wakishona nyavu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za betri na sola, na mwezi unapoangaza ziwa zima taa hizo hazina tena uwezo wa kuwakusanya. Kila mwezi, basi, kuna siku ambazo uvuvi husimama na fedha husimama nao.

Karibu nami muuza mkaa alikuwa akimdai mama mmoja anayeanika dagaa. Mama alimjibu kwa upole, "Subiri giza, baba, utapata chako," naye akaondoka bila kuuliza tarehe. Nimelifikiria jibu hilo siku nzima. Mahali ambapo giza ni siku ya malipo inayoaminiwa na pande zote mbili, watu wanafahamiana kwa kina ambacho sisi tunaoishi juu, mtaa wa Mwanga, tumekwisha kukipoteza.

Mgeni akitazama Ghuba ya Kigoma kutoka mlimani huona mji mmoja uliozunguka maji. Mimi naona sehemu kadhaa, kila moja ikifuata saa yake. Mjini penyewe saa ililetwa na reli, iliyofika hapa mwaka 1914, na hadi leo pilikapilika za stesheni na bandari hufuata safari za treni na meli. Ukiifuata reli kuelekea kaskazini hadi Kibirizi, unakuta watu wasioujali mwezi hata kidogo, kwa kuwa kazi yao ni ya mchana: boti hupakia saruji, mabati, soda na abiria wa vijiji kama Mwamgongo, ambako boti ndiyo barabara. Kibirizi kila mtu ana haraka, na hata salamu hufupishwa. Katonga, hasa siku kama ya leo, salamu hufika hadi kwa wajukuu.

Ujiji iko nje ya ghuba, kusini, lakini siwezi kuiacha, maana ndiko alikozaliwa bibi yangu na ndiko Kiswahili cha pwani na watu wa asili ya Kongo, Wamanyema, walikutana zamani kabla Kigoma haijawa bandari. Mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871, umesimama mbali na maji. Wakati ule ziwa lilikuwa juu zaidi, na lilishuka katika muongo huohuo baada ya maji kufungua njia ya kutokea kupitia mto Lukuga, upande wa Kongo. Nilikumbuka hayo leo, kwa sababu miaka ya karibuni ziwa limepanda tena na kumeza sehemu za ufuko ambazo watu walikuwa wamezijenga wakiamini kwamba ni nchi kavu.

Mwaka 2024 Serikali ilisitisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Naamini hatua hiyo ilihitajika, kwa kuwa wavuvi wenyewe husema kwamba siku hizi huenda mbali zaidi na kurudi na kidogo zaidi. Hata hivyo, mbalamwezi ya wiki moja huvumilika kwa deni la mkaa, ilhali miezi mitatu ni mzigo mwingine kabisa, na naona anayeanika dagaa alistahili kufikiriwa sawasawa na mwenye mtumbwi, kwa sababu yeye hana hata chombo cha kuuza.

Nilipoondoka jioni, mama yule alikuwa akikaza kamba za kichanja chake na kubadilisha miti iliyooza. Dagaa waliokaushwa juu ya kichanja hawana mchanga, nao hupata bei nzuri hadi Dar es Salaam. Kichanja kilikuwa kitupu, na kitabaki kitupu kwa siku kadhaa, lakini alikuwa amekwisha kukifagia.