Majina Bado Hayajatoka: Kulijibu Wazo Badala ya Kulifukuza

Anayesubiri orodha ya walioitwa kwenye usaili hujulikana kwa kidole gumba. Kinavuta chini ukurasa wa Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini Tanzania, kinaachia, kinavuta tena, mpaka bando linakata pale Mwanga sokoni, Kigoma, kabla jina lolote halijatoka. Kati ya mvuto mmoja na mwingine kuna sentensi inajisemea kichwani. Hiyo ndiyo ya kushughulikia.

Mtaani utaambiwa: waza mazuri, jiambie utapata tu. Siukubali ushauri huo. Kichwa kinachojua kuwa nafasi ni 10 na waombaji ni mamia hakidanganyiki kwa "nitapata"; kinanyamaza dakika tano, kisha wasiwasi unarudi na riba. Sentensi mpya ya kulijibu wazo si lazima iwe tamu. Inatakiwa iwe ya kweli kuliko ile ya kwanza.

Mbinu yenyewe inatokana na tiba ya fikra aliyoianzisha daktari Aaron Beck huko Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960, na vifaa vyake ni daftari na kalamu. Fungua kurasa mbili zinazotazamana, zigawe safu nne. Ya kwanza ni kilichotokea, kwa maneno ambayo hata jirani asingebisha: "Saa nne usiku nimefungua akaunti, hakuna kipya." Ya pili ni wazo, neno kwa neno kama lilivyojisema, na pembeni yake alama kati ya 0 na 100 kuonyesha unaliamini kiasi gani. Ya tatu ni ushahidi, kwanza unaoliunga mkono, halafu unaolipinga. Ya nne ni sentensi mpya, kisha unarudi kulipa wazo la zamani alama upya. Likishuka kutoka 90 hadi 60, kazi imefanyika. Likishuka hadi 0 jioni ya kwanza, umejifurahisha tu.

Wengi hukwama safu ya pili. Wanaandika "nina wasiwasi", nayo ni hisia. Huwezi kuidai ushahidi. Au wanaandika swali: "Nikikosa itakuwaje?" Swali halina ukweli wala uongo, ndiyo maana linaweza kuzunguka hadi adhana ya alfajiri. Ligeuze liwe kauli: "Nikikosa, mjomba atachoka kunilisha." Hapo pana pa kushika. Mjomba amesema nini hasa? Dukani kwake unamsaidia kazi gani? Kosa jingine ni kuruka ushahidi unaoliunga mkono wazo. Ufaulu wa wastani ni wa wastani, uandike. Ukiuficha kwenye daftari utakufuata kitandani.

Wazo linalosumbua kuliko yote ni hili: "Kama wangenitaka wangeshaniita." Lijibu kwa swali moja: kama ningekuwa nimechaguliwa, leo ningeona nini tofauti? Hakuna. Atakayeitwa na atakayeachwa wanatazama ukurasa uleule mtupu. Kitu kinachoonekana sawasawa kwa wote wawili hakiwezi kukuambia wewe ni yupi. Kwa hiyo siku ya ishirini ya kimya si ushahidi mzito kuliko siku ya tatu, ingawa inauma zaidi. Sentensi mpya ni fupi: "Orodha haijatoka kwa yeyote."

"Wameshapanga watu wao" ni gumu zaidi, kwa sababu huwezi kuapa kuwa ni uongo. Usibishane nalo, ligawe. Unachojua: hujaona lolote kuhusu tangazo hili. Usichojua: mengine yote. Andika: "Inawezekana, lakini sina ushahidi, na kukesha kwangu hakuzuii." Na "nikikosa hii mimi si kitu" lijibiwe kwa hesabu. Nafasi zikiwa 10 na waombaji 2,000, watu 1,990 watakosa hata kama wote 2,000 wangekuwa hodari. Tena waliofaulu usaili nafasi zikajaa huwekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya akiba, na baadhi yao hupangiwa vituo baadaye. Kukosa na kutofaa ni vitu viwili.

Yapo mawazo yasiyotakiwa kujibiwa kabisa, kwa sababu si mawazo, ni kazi. "Jina kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la cheti cha kidato cha nne" haligeuzwi kwa sentensi. Linahitaji wakili na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. "Usaili ukiwa Dodoma nitafikaje?" linahitaji kujua siku za treni, nauli na mwenyeji wa kulala kwake. Yahamishie ukurasa wa nyuma, yawekee tarehe. Ukiyaacha kwenye safu nne utayabembeleza wiki nzima huku vyeti vikibaki vilevile.

Daftari lifunguliwe saa kumi na moja jioni, dakika 20, mezani au kibarazani. Saa nane usiku kila ushahidi unaonekana wa kuliunga mkono wazo. Likija usiku, liandike mstari mmoja na uliahirishe hadi jioni. Portal nayo ipewe saa zake, mara mbili kwa siku, kamwe si kitandani. Kila ukiifungua unapata ahueni ya dakika chache, na ahueni hiyo ndiyo inayokufundisha kuifungua tena.

Usitarajie wasiwasi uishe. Mwaka 2016, Kate Sweeny na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walichapisha utafiti kuhusu wahitimu wa sheria waliosubiri kwa miezi minne matokeo ya mtihani wa uwakili wa California. Jitihada zao za kuzima wasiwasi hazikusaidia sana, na waliohangaika zaidi walizipokea vizuri zaidi habari zilipokuja. Baadaye ikaonekana kuwa kinachoufanya muda wa kusubiri uvumilike ni shughuli inayokumeza mzimamzima. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wanaielewa hiyo: mbalamwezi ikiwaka, taa zao hazivuti samaki, basi wanakaa nchi kavu na kushona nyavu. Tafuta wavu wako, uwe mgumu kiasi cha kudai macho na mikono. Kupiga soga kijiweni hakutoshi.

Watakaokuuliza ni wengi. Andaa jibu moja, lilelile kwa wote: "Bado, mama mdogo. Yakitoka nitakuambia." Na usingizi ukipotea kwa wiki mbili, chakula kikakataa kupita, au ukaanza kuwaza kujidhuru, daftari liweke kando, nenda kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa Kigoma ni Maweni. Mawazo ya kujidhuru hayangoji wiki mbili, unakwenda siku hiyohiyo.

Jioni moja, kabla ya siku yenyewe, andika mipango miwili ya saa 24 za kwanza: ukiitwa (kunakili namba ya mtihani kwenye akaunti, vyeti halisi, kitambulisho, nauli) na usipoitwa (nani utamwambia kwanza, tangazo gani linafuata). Orodha ikitoka, pakua faili zima kutoka tovuti yenyewe, si lile lililopita kwenye makundi ya WhatsApp. Tafuta jina la ukoo, kisha la kwanza, kisha pitia kwa macho kada yako yote, maana herufi moja ikikosewa utafutaji wa simu hauoni kitu.