Nilivyorudi kwenye mkuki baada ya kupasuliwa kiwiko

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama mtu amevunja kijiti kikavu cha kuwashia jiko. Ilikuwa Aprili, mashindano ya vyuo huko Texas, mrusho wangu wa nne. Mkuki ulitua mita thelathini na kitu, umelala ubavu. Nikatazama kidole changu kidogo na jirani yake cha pete: vyote viwili vimekufa ganzi.

Lakini nikisema kiwiko kilinishtukiza nitakuwa ninadanganya. Tangu Novemba, kila nikipiga mswaki asubuhi, upande wa ndani ulikuwa ukinichoma. Nilimeza vidonge vya maumivu, nikajifunga bandeji ndani ya fulana ya mikono mirefu ili kocha asione. Nilikuwa nimetoka Kakamega kwa ufadhili wa masomo, na akilini mwangu ufadhili wote ulikuwa umeninginia kwenye mkono huo wa kulia. Mkono ukiharibika, narudishwa nyumbani. Baadaye nilikuja kujua kwamba ufadhili wangu haukuwa hivyo hata kidogo, ila sikuwahi kuuliza. Miezi mitano ya kuficha, kwa sababu ya swali moja ambalo sikuliuliza!

Picha ya MRI ilionyesha ligamenti ya upande wa ndani wa kiwiko, ile inayoufunga mfupa wa juu wa mkono na ulna, mmoja wa mifupa miwili ya chini ya kiwiko, imekatika. Mtaalamu wa viungo wa chuo alinieleza kwa kutumia mlango wa ofisi yake. Unaporusha, bega linatangulia na mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo unabaki nyuma, na kwa muda mfupi mno kiwiko kinavutwa kwa upande, kama bawaba inayolazimishwa kuelekea isikoundwa kukunjia. Ligamenti hiyo ndiyo inayozuia. Mkuki wa wanawake una gramu 600 tu, mfuko wa sukari ni mzito zaidi. Kinachoumiza ni kasi.

Katika chumba cha matibabu nilikuta vijana watatu wa besiboli, wote na kovu moja, limepinda mahali pamoja. Wao upasuaji huu wanauita kwa jina la mtu, Tommy John, mrushaji wa timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers. Septemba 1974 daktari Frank Jobe alimtengenezea ligamenti mpya kwa kano, ule uzi unaoushika msuli kwenye mfupa, iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili wake, akimwambia nafasi ya kurudi uwanjani ni moja kati ya mia. Alikosa msimu wote wa 1975, akarudi 1976, akacheza hadi 1989, akiwa na umri wa miaka 46. Mmoja wa wale vijana alinisimulia haya kana kwamba ni babu yake. Kwa besiboli jambo hili limekuwa la kawaida kiasi cha kuzua uongo wake: wapo wazazi wanaoamini kwamba upasuaji unampa mtoto mkono wenye nguvu kuliko aliozaliwa nao. Si kweli. Anayerudi na nguvu zaidi amepata mwaka mzima wa mazoezi aliyokuwa akiyakwepa.

Ligamenti yangu mpya ilitoka kwenye kifundo cha mkono wangu mwenyewe. Ukigusanisha kidole gumba na kidole kidogo, kisha ukikunja kifundo kidogo, utaona uzi umesimama katikati. Hiyo ndiyo kano yenyewe. Usipouona usiogope, wako watu wengi waliozaliwa bila huo uzi, na wao huchukuliwa kano ya paja. Madaktari walitoboa vijishimo kwenye mifupa yote miwili wakaipitisha kano humo kama kamba ya kiatu. Mimi nililala usingizi wa nusukaputi nikaamka nina kiu, basi.

Wiki ya kwanza mkono ulifungwa umekunjwa nyuzi tisini. Halafu nikavishwa kifaa chenye bawaba ambacho fizio, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, alikilegeza kidogo kidogo, nyuzi kadhaa kila wiki, mpaka wiki ya sita. Mambo yaliyonishinda kwa mkono wa kushoto: kufunga sidiria, kukata kucha, na nywele. Msichana niliyeishi naye, mzaliwa wa Goma, alinisuka mistari minne mikubwa akaniambia, "Dada, hizi utakaa nazo mpaka upone." Kiswahili chake na changu vilikuwa vinagongana kila siku, lakini tulielewana vizuri kwenye mambo ya nywele.

Agosti, mwezi wa tatu baada ya upasuaji, nikaenda nyumbani. Mama alinipokea akautazama mkono kabla ya kunitazama usoni.

"Mwanangu, mkono gani huu wa miezi mitatu? Hapa tungekuwa tumeshamaliza."

Kesho yake akamwita mama mmoja wa kijijini anayekanda. Nilikuwa tayari kwa ugomvi, maana fizio alikuwa amenionya mtu asije akaugusa mkono huo. Yule mama akaketi, akaosha mikono, akalipapasa kovu kwa kidole kimoja, taratibu. Kisha akamgeukia Mama. "Huyu ameshonwa. Mimi nakanda kilichotenguka. Sifumui cha mwenzangu." Akanikanda bega na mgongo, akakataa pesa, akanywa chai, akaenda zake. Kati ya wote walioshika mkono wangu mwaka ule, ni wachache walioujua mpaka wa kazi yao kama yeye.

Nilikuwa pia nimesahau Texas ule udongo wa plastiki wa kufinya ili mkono upate nguvu. Nikampigia fizio, akaniuliza nyumbani kuna kitu gani laini. Nikamwambia kuna unga wa chapati. Basi kila jioni nikawa ninakanda unga kwa dakika kumi, kwa vidole tu, bila kuegemeza uzito wa mwili. Wadogo zangu hawajawahi kula chapati nyingi hivyo, na nguvu ya kushika mkuki ilirudi kwa njia hiyo.

Mwezi wa tano tangu upasuaji nilianza kurusha mpira wa tenisi. Mita kumi, mara ishirini na tano, pumziko la siku moja, tena. Hapa ndipo pagumu, na ndipo nilipokosea. Maumivu yalikuwa yameshakwisha, lakini kano iliyopandikizwa haijawa ligamenti. Inahitaji miezi mingi kuotesha mishipa ya damu na kujigeuza, na wakati huo wote haikuumi kukukumbusha. Mwezi wa saba, jioni moja, uwanja mtupu, nikachukua mkuki nikaurusha kwa nguvu zangu zote. Mara moja tu. Asubuhi kiwiko kilikuwa kimevimba kama embe. Hakikukatika, ila wiki tatu zilipotea, na safari hii nilimwambia kocha siku hiyo hiyo.

Hakunifokea. Aliniletea daftari, akaificha futi ya kupimia. "Hutapima umbali tena mpaka nikuambie." Kila siku ya kurusha daftari lilikuwa na idadi ya mirusho aliyoniruhusu kocha, nami niliandika jambo moja tu: ni mingapi kati yake mguu wangu wa kushoto haukukunja goti. Video za zamani zilikuwa zimetuonyesha chanzo. Goti lilikuwa likilegea wakati wa kukita mguu, mwendo unakufa pale chini, na mkono unajaribu kulipa deni la mguu. Nilimtazama Mkenya Julius Yego mara nyingi nisizoweza kuhesabu, ule mrusho wa mita 92.72 wa mashindano ya dunia ya Beijing 2015. Kila mtu anakumbuka alivyoanguka kifudifudi. Simamisha video kabla ya hapo uone ule mguu wa kushoto: nguzo. Nilipokata tamaa nilimtazama Neeraj Chopra, mrusha mkuki wa India, aliyepasuliwa kiwiko 2019, akakosa mashindano ya dunia ya Doha, na Januari 2020 akarudi huko Potchefstroom, Afrika Kusini, kwa mita 87.86.

Nikatoka kwenye mpira kwenda mkuki wa kusimama, kisha hatua tatu, hatua tano, na mwezi wa kumi na mbili mbio kamili. Siku nyingine daftari lilisoma kumi na moja kati ya ishirini. Siku nyingine nne.

Mwezi wa kumi na nne niliingia mashindano madogo. Rekodi yangu kabla ya kuumia ilikuwa mita 52.40. Wa kwanza ulikwenda 43, wa pili nikakanyaga mstari, wa tatu 46.88, goti limenyooka. Nikaingia nane bora, nimebakiwa na mirusho mitatu. Aliyekuwa mbele yangu alinizidi kwa sentimita ishirini, na mkono ulikuwa mwepesi, hauna tatizo lolote. Kwenye daftari, mstari wa siku ile, kocha alikuwa ameandika: mitatu.

Nikamwendea mwamuzi nikamwambia mimi nimemaliza. Akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, nikaenda kuvua viatu.