Pishi ya Vibaba Vitatu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tumo katika Amosi 8, nabii anapowakemea wafanyabiashara wanaopunguza efa na kuongeza shekeli, uzito wa kupimia fedha ya mnunuzi. Nimekwama kwenye hiyo efa. Ni kipimo cha nafaka tu, kama pishi ya bibi zetu iliyojaa vibaba vinne, lakini Mungu amekitolea macho.

Mwaka 1847 Ireland ilikuwa katika njaa kuu. Viazi vilioza shambani, watu wakakimbilia Kanada kwa meli. Stephen de Vere, mwenye mashamba wa Limerick, hakuwa fukara, lakini alishuka chini ya sitaha akasafiri na maskini mpaka Quebec, ayaone mwenyewe. Kisha akaandika barua: giza, hewa nzito, wagonjwa wa homa wamelala katikati ya wazima, chakula hakijaiva, maji ya kunywa hayatoshi.

Kilichonichoma mimi ni kitu kidogo kuliko hivyo. Galoni ya kugawia maji na vyakula vikavu ilikuwa ya uongo: mahali pa robo nne iliingia tatu. Ndiyo pishi ya vibaba vitatu! Nawaza mama kakinga chombo chake, kamimiwa, kaondoka kuwagawia watoto, hajui kaibiwa. De Vere alilithibitisha jambo hilo kule Quebec na nahodha akatozwa faini.

Mwaka huo watu zaidi ya 5,000 walizikwa Grosse Île, kisiwa cha karantini jirani na Quebec. Barua ya de Vere ilisomwa na Earl Grey, waziri wa makoloni wa Uingereza, katika Bunge la Mabwana, London, na sheria ya abiria ikarekebishwa. Hata hivyo, mwaka 1854 Bunge lilikuwa bado linaunda kamati ya kuchunguza meli za wahamiaji.

Sasa niseme la kwangu. Nauza maharage gengeni, na kopo langu lina kitako kilichobonyea kwa ndani. Sikulibonyeza mimi, nililinunua hivyohivyo, na kwa miaka miwili hilo ndilo nililomjibu Mungu kila aliponigusa. Jumatatu alfajiri nililigeuza, nikakigonga kitako kwa mchi mpaka kikakaa sawa.

Mteja wa kwanza, bibi mmoja anayenunua kwangu siku zote, alilitazama fungu lake akauliza, “Leo umeniongezea, mwanangu?”

Nilishindwa kumtazama usoni.