Somo la kudakiza

Wengi niliowafundisha Kiingereza mtandaoni walitaka kuongezewa maneno. Huyu maneno alikuwa nayo tele. Alikuwa mhandisi huko Japani, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, na barua zake za Kiingereza zilikuwa safi kuliko za baadhi ya walimu ninaowajua. Kilichomshinda ni mkutano wa kila wiki na wenzake wa Marekani. Saa nzima ingepita hajatia neno. Akivuta pumzi aseme, mwingine keshaanza.

Kwenye ratiba tulikuwa na bahati ambayo sijaipata kwa mwanafunzi mwingine. Japani iko saa 9 mbele ya Greenwich, Afrika Mashariki saa 3. Tofauti ni saa 6, na ndizo hizo hizo zinazotenganisha saa ya Kiswahili na ya Kizungu. Saa yake ya ukutani ikionyesha 9 usiku, mimi nasema saa tisa alasiri. Namba ni ile ile, ila kwake taa zimewashwa na kwangu jua kali. Wanafunzi wa Amerika Kusini walinitoa jasho kwa kujumlisha na kutoa. Kwa huyu sikuhesabu chochote.

Waliotuvuruga ni Wamarekani. Jumapili ya pili ya Machi wao husogeza saa zao mbele. Japani haigusi saa zake, nasi vilevile. Mkutano uliokuwa ukianza 11 usiku kwa saa yake ukahamia 10 usiku, mara tu somo letu linapokwisha. Siku hiyo aliinamisha kichwa mbele ya kamera kama kawaida yake, akasema, "Sensei, leo nifundishe kumkata mtu kauli. Nikitoka hapa naingia huko moja kwa moja." Sensei, yaani mwalimu, ni mimi, na yeye ni rika la baba yangu.

Nikachukua karatasi ya maelekezo ya mashine ya kufulia, nikamwambia nitaisoma bila kituo mpaka yeye anizuie. Nikasoma. Namwona anasogea mbele, anafungua mdomo, anaufunga. Katikati ananiitikia, "mhm, mhm," kama msikilizaji mwenye adabu zake, na kila akiitikia ile programu ya mkutano inadhani ni zamu yake kusema, inaizima sauti yangu. Nikafika kwenye sehemu ya kusafisha chujio, bado hajasema kitu.

Basi nikaanza kumwachia nafasi makusudi. Namaliza sentensi, nanyamaza kidogo, naendelea. Hapo ndipo nilipogundua jambo. Sauti yake ilikuwa inakuja, ila inanifikia nikiwa nimeshaanza sentensi nyingine. Naye akisikia nimeanza, anarudi nyuma na kuomba radhi. Mtu huyu alikuwa anaingia kwa wakati wake barabara. Laini ndiyo iliyokuwa inamchelewesha.

Kati yetu kuna zaidi ya kilomita 10,000. Mwanga ndani ya waya wa faiba hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, na nyaya zenyewe hazinyooki, zinazunguka baharini. Ongeza muda ambao kompyuta zinatumia kuifunga sauti huku na kuifungua kule. Unaweza kuona ni kitu kidogo, lakini watu wakiongea ana kwa ana hawaachiani nafasi kubwa. Baadaye nilisoma utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima lugha 10: kwa wastani, kati ya swali na jibu hupita kama sehemu ya tano ya sekunde tu. Na waliojibu haraka kuliko wote walikuwa Wajapani! Nafasi ndogo namna hiyo inamezwa yote njiani. Wenzake wa Marekani walimwona mpole. Mimi pia nilimwona hivyo, kusema kweli.

Nikabadilisha somo. Asisubiri kimya, maana kikimfikia kimeshapita. Aingie msemaji akiwa bado anasema: kwanza amwite jina, kwa kuwa mtu akisikia jina lake husita, kisha maneno mawili matatu yasiyo na uzito, hata yakimezwa hakuna hasara, ndipo hoja yenyewe. Na akishaanza asirudi nyuma.

Kulisema ni rahisi. Yeye aliona huo ni ufidhuli, nami nimelelewa kutomdakiza mkubwa, na hapa namhimiza mkubwa anipigie kelele. Tulirudia hata sauti ikanikauka. Dakika za mwisho, nikiwa naonya kuhusu sabuni nyingi kupita kiasi, akaniita jina kwa sauti iliyotushtua wote wawili, akasema anataka kuuliza kuhusu chujio. Nikanyamaza. Akacheka, akazima kamera, akaenda mkutanoni.

Ujumbe wake niliukuta nilipoamka. Alimkata kauli mtu mmoja aliyekuwa anaeleza ratiba. Wote wakanyamaza, bosi wake pia, wakamngoja. Naye hoja ikamtoka kichwani yote. Alichosema ni "tafadhali endelea."

Nilimjibu kwamba somo lijalo aje na hoja zake zimeandikwa kwenye karatasi, aibandike chini kidogo ya kamera. Alikuja nayo, na hoja ya kwanza alinidakiza nayo kabla sijamaliza kumsalimu.