Boma Rhodes, nyasi yangu ya malisho, imeota!

Leo asubuhi nimepiga magoti shambani huku Kajiado, jirani akadhani nimepoteza simu.

Kumbe natafuta nyasi.

Mbegu zake ni nyepesi mno, upepo kidogo tu zimekwenda. Tulizichanganya na mchanga mkavu, tukazirusha kwa mkono, kisha tukaburuta tawi la mgunga juu yake basi. Hazitaki kufukiwa, zikizama sana haziibuki.

Nimekaa weee nikitazama jani moja, jembamba kama uzi, limebeba tone la umande kubwa kuliko lenyewe. Halijainama.

Mbuzi wa jirani nao wanatazama kutoka ng'ambo ya ua. Sijayapenda macho yao hata kidogo.

Mliopanda kabla yangu, semeni: ng'ombe mliwaingiza lini mara ya kwanza? Au mlikata tu mkafunga marobota?